Bakuli la Miti Tisa

Lilifika Tanga ndani ya begi la nguo, limeviringishwa kwenye taulo mbili. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alilinunua Minnesota alikokuwa akisoma, akamletea mama yake zawadi. Mama mdogo alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza, akaligonga kwa kucha, akaliweka sikioni kama mtu anayechagua chungu sokoni.

"La kutia nini hili?"

"La kutazama tu, mama."

Akacheka. Kwa mama mdogo, chombo cha mti kina kazi yake: kinu cha kutwangia, mbuzi ya kukunia nazi, chano cha kuandalia chakula. Bakuli lisilotiwa kitu hakuwahi kuliona. Lakini hakuliweka chini. Upana wake ulikuwa wa sahani ya wali, kina cha kiganja, na ubavuni lilizungukwa na pete za rangi: nyeupe, nyekundu, zambarau, kahawia yenye michirizi, na katikati mkanda mweusi uliopinda kama mgongo wa mawimbi. Hapakuwa na rangi ya kopo hata tone. Kila rangi ilikuwa mti.

Chini ya kitako fundi alikuwa ameandika kwa kalamu ya moto, kwa herufi ndogo: vipande 289, kisha orodha ya miti tisa. Mdogo wangu akawa anaisoma na kutafsiri. Mepuli, mti ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Mjozi. Mcheri. Kokobolo ya Amerika ya Kati. Mti wa pundamilia. Wenge. Paduki. Ule wa Guyana ambao Waingereza wameuita moyo wa zambarau. Wa tisa, alipousoma, mama mdogo alimkatiza: "Mti mweusi wa Afrika? Si mpingo huo? Kumbe umeununua mpingo Marekani!"

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuandama ule mkanda mweusi nijue ulivyofika pale. Safari yake ni ndefu kuliko ya mdogo wangu.

Kiswahili kina majina mawili ya mti huo, na hayakutoka nyumba moja. Mpingo ni jina la bara. Abnusi ni jina la baharini, na tukilifuata nyuma tunakuta Waarabu walilipata kwa Wagiriki, Wagiriki wakalipata kwa Wamisri wa kale, ambao waliuandika mti mweusi kwa konsonanti zinazosomeka hbny. Waingereza nao wakachota kisima kilekile. Leo wataalamu wa mimea huliweka neno hilo kwa jamii nyingine kabisa ya miti, ile ya India, Sri Lanka na Mauritius. Lakini mbao nyeusi zilizotoka makaburini Misri zilipochunguzwa kwa hadubini, nyingi zilionekana ni Dalbergia melanoxylon. Ni mpingo, kwa hiyo. Ulikuwamo katika samani za kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa mwaka 1922 baada ya kufungwa zaidi ya miaka 3,200, umepachikwa pembe za ndovu. Kwenye kuta za hekalu la malkia Hatshepsut, aliyetawala karne ya 15 KK, zimechongwa merikebu zikirudi kutoka nchi ya Punt, na kati ya shehena mna magogo ya mti huo.

Wamisri hawakuukereza kuwa mabakuli. Waliupasua vipande vyembamba wakaubandika juu ya miti ya kawaida. Hata mti wa kawaida wenyewe waliufanyia hila: katika piramidi ya ngazi huko Saqqara lilipatikana jeneza ambalo mbao zake zina tabaka sita za miti tofauti, kila tabaka nyuzi zake zikikatiza za mwenzake. Ni plaiwudi, miaka elfu nne na mia kadhaa kabla ya plaiwudi. Nchi yenye mchanga mwingi na miti michache ilijifunza mapema kuunganisha kidogo kidogo kupata kikubwa. Shika hilo, maana ndilo kiini cha bakuli letu.

Kerezo, ile mashine ya kuzungusha mti huku chombo chenye makali kikiukwangua, huonekana Misri baadaye sana. Picha yake ya kale zaidi tunayoijua iko ukutani mwa kaburi la kuhani Petosiris, la karibu mwaka 300 KK: mtu mmoja anavuta kamba kuzungusha, mwenzake ameshika patasi. Mashine hiyo haikubadilika sana kwa karne nyingi. Pwani yetu wakereza waliendesha kerezo la upinde, kwa utaratibu uleule wa keekee ya kutobolea, na miguu ya vitanda vya zamani vya Lamu ilipita humo. Ulaya walifunga kamba kwenye mti mwembamba unaonesa juu na kanyagio chini. Huko Uingereza, katika uwanda wa Bucklebury, George Lailey alikuwa bado anakereza mabakuli kwa mashine ya namna hiyo hadi katikati ya karne ya 20. Alipofariki mwaka 1958 kazi hiyo ilikwisha naye, na kerezo lake likapelekwa jumba la makumbusho mjini Reading.

Lailey alikuwa na ufundi mmoja unaonipendeza. Katika gogo moja la mti alikata mabakuli kadhaa yaliyolaliana, dogo ndani ya kubwa kama maganda ya kitunguu, asipoteze ubao. Lakini gogo lenyewe lilipaswa kuwa nene. Upana wa bakuli hautapita upana wa mti, hiyo ni hesabu isiyohitaji shule.

Hapo ndipo mpingo unapokwama. Anayeujua porini, Kilwa, Nachingwea, Tunduru, anajua kwamba hauna umbo la kuvutia. Ni mti mfupi wenye mashina mengi na miiba, uliojipinda. Hukua polepole mno. Wavunaji huhesabu miaka 70 hadi 100 kabla haujafaa kukatwa, na hata hapo gogo lililonyooka ni la urefu wa mtu, mara nyingi pungufu. Ukilikata, nje kuna ukingo wa njano hafifu, ndani kiini cheusi chenye kivuli cha zambarau, na ndani ya kiini nyufa na mashimo. Ubao wake ukiutia majini unazama. Msumeno wa kawaida unalia na kupoteza meno. Uzuri wote huo umo katika vijipande.

Fundi wa London aliyelalamikia jambo hilo kwa maandishi ni Charles Holtzapffel. Baba yake, John Jacob, alitoka Strasbourg akafungua karakana London mwishoni mwa karne ya 18, akitengeneza makerezo ya kifahari kwa ajili ya matajiri. Maana wakati huo kukereza kulikuwa mchezo wa wakubwa. Hata kabla ya hapo, Petro Mkuu wa Urusi alikuwa na makerezo yake ikuluni, na fundi wake Andrei Nartov pembeni. Baadhi ya mashine hizo zinaonyeshwa hadi leo huko St Petersburg. Kina Holtzapffel waliuza mashine zaidi ya 2,500. Mteja alikaa na koti lake zuri, akakanyaga kanyagio, na mashine ikamchorea nakshi za duara ndani ya duara.

Nakshi hizo laini zinataka mti usiomomonyoka pembeni. Mwaka 1843, Charles alipotoa juzuu ya kwanza ya kitabu chake kikubwa cha ukerezaji, aliorodhesha miti ya dunia kama mfanyabiashara anayejua ghala lake. Mpingo aliusifu kwa ugumu na kuulaani kwa hasara: magogo yamepinda, yana mapango, na kinachobaki baada ya kukata ni kidogo. Cha kuchekesha, wachuuzi wa London waliuita kwa jina la Botany Bay, kana kwamba umetoka Australia. Mti ulipita mikononi mwa mabaharia wengi kiasi kwamba asili yake ilipotea njiani, na aliyeukata kule Afrika hakuwapo kuwasahihisha.

Wakati wakubwa wa London wakichora nakshi, mafundi wa hali ya chini kwenye mji mmoja wa Kent walikuwa wamegundua jambo lililo karibu zaidi na bakuli la mama mdogo. Tunbridge Wells ulikuwa mji wa chemchemi. Watu walikwenda kunywa maji yenye chuma wakiamini yanaponya, kama wengine walivyokwenda Loliondo mwaka 2011 au wanavyokwenda Amboni. Mgeni akiondoka alitaka ukumbusho. Mafundi wakawauzia visanduku, vifuniko na vitu vidogo vya mezani, na kuanzia miaka ya 1830 walikuwa na mbinu yao. Walikata njiti ndefu za miti mbalimbali, za pembe tatu na za pembe nne, wakazifunga pamoja kwa gundi kama mzigo wa kuni uliopangwa kwa hesabu. Mzigo ukikauka unakuwa gogo moja. Ukilikata kwa upande, sura yake ni nyota au maua. Ukilitia kwenye kerezo, nyota inapinda kufuata umbo la chombo.

Sharti lao lilikuwa gumu: hakuna rangi ya kupaka. Walikusanya miti zaidi ya mia moja ili wapate vivuli vyote. Kijivu walikipata kwa kuloweka ubao kwenye maji yaleyale ya chemchemi, chuma kikaubadilisha rangi. Kijani kilikuwa kazi zaidi. Hakuna mti wenye mbao za kijani cha jani. Lakini kuna ukungu unaoota kwenye matawi ya mwaloni yaliyoanguka na kuoza, na unaupaka ubao wote kijani cha bahari hadi ndani. Basi matawi hayo yaliokotwa msituni, na mafundi wakayanunua. Mti uliooza ulikuwa na bei. Edmund Nye alipeleka kwenye Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851 meza yenye vipande zaidi ya 100,000, picha ya jahazi baharini, bila tone la rangi. Mrithi wake, Thomas Barton, alifariki mwaka 1903. Karakana ya mwisho ilifungwa mwaka 1927. Reli ilikuwa imewapeleka wageni ufukweni, na ukumbusho wa bei rahisi ulitoka viwandani.

Marekani ilianzia kwingine. Bob Stocksdale, kijana wa shamba kutoka Indiana, alikataa kubeba bunduki katika Vita Kuu ya Pili kwa sababu ya dhamiri, akawekwa kambini pamoja na wenzake waliokataa. Humo ndimo alipoanza kukereza mabakuli. Vita vilipokwisha akahamia Berkeley, California, mwaka 1946, akaweka kerezo chini ya nyumba yake, na kwa zaidi ya nusu karne akawa anatoa mabakuli membamba kama ganda la yai. Alinunua magogo kwa wauza mbao waliopokea shehena za dunia nzima, akayasoma kabla ya kuyagusa. Mabakuli yake yalikuwa ya mti mmoja kila moja. Lakini alikuwa na desturi iliyoambukiza wengine: chini ya kitako aliandika jina la mti. Mwandiko ule mdogo ulimwambia mnunuzi kwamba anayesifiwa si fundi peke yake. Nikiona orodha chini ya bakuli la Tanga, namwona Stocksdale.

Kwa mafundi wa aina yake, kuunganisha vipande kulikuwa karibu na udanganyifu. Mti mzuri unajieleza wenyewe, walisema, kwa nini uukatekate? Nami nawaelewa, ingawa siwakubalii. Mwenye bahati ya kupata gogo nene la mjozi anaweza kuwa na imani hiyo. Asiye nalo ana vipande vilivyoangukia sakafuni, na Rude Osolnik wa Kentucky alithibitisha kwamba hata plaiwudi ya kiwandani, ikibandikwa tabaka juu ya tabaka kisha ikakerezwa, inatoa bakuli la kusimamisha watu. Baadaye Ray Allen, akitazama vyungu vya Wenyeji wa kusini-magharibi mwa Marekani, alianza kuviiga kwa vipande vidogo vya mti, mamia kwa maelfu, hadi mchoro wa mfinyanzi ukasomeka kwenye ubao. Mwaka 1985 wakereza walikutana katika shule ya sanaa ya Arrowmont, Tennessee, na mwaka uliofuata wakaunda chama chao cha Marekani, chenye makao yake Saint Paul, Minnesota. Leo kina maelfu ya wanachama, wengi wao wastaafu wenye gereji na subira. Walimu kama Malcolm Tibbetts waliandika vitabu vya bakuli la vipande, hesabu zote wazi, na siri ikaisha.

Hesabu zenyewe ni hizi. Bakuli la mama mdogo lina pete 12, kila pete vipande 24, jumla 288, na kitako kimoja. Duara ni digrii 360. Ukigawa kwa 24 unapata 15, na kila kipande kina ncha mbili, kwa hiyo kila ncha inakatwa kwa digrii 7.5. Inaonekana rahisi. Sasa mashine yako ikosee sehemu moja ya kumi ya digrii, kosa ambalo jicho haliwezi kuliona. Ncha ziko 48. Kosa linajumlishwa mara 48, na pete inapofungwa inabaki na upenyo wa karibu digrii tano, mwanya wa kupitisha kucha. Ndiyo maana mafundi hawafungi pete yote kwa mara moja. Hugandisha nusu mbili, wakaziacha zikauke, kisha wakazisugua ncha zake kwenye msasa uliobandikwa juu ya kioo hadi zinyooke kabisa, ndipo nusu inakutana na nusu. Kosa lote limesuguliwa likawa vumbi.

Neno msasa lenyewe ni letu. Ni mti wenye majani yanayokwaruza kama ulimi wa paka, na wazee wa pwani waliyatumia kulainishia mbao kabla karatasi ya mchanga haijafika. Karatasi ilipofika ikarithi jina.

Pete zikiwa tayari, fundi anazipanga moja juu ya nyingine, kila kiungo kikikalia katikati ya kipande cha chini, kama mwashi anavyopanga matofali. Kisha inakuja kazi ya kuzungusha. Mashine ikianza, bakuli ambalo bado ni mnara wa pembe pembe linagonga patasi tak-tak-tak, na maranda ya rangi tisa yanamrukia fundi kifuani. Hapo ndipo gundi inapohojiwa. Kiungo kilichokosa gundi kikiachia, kipande kinaruka kwa kasi ya jiwe la manati, na kwa hiyo mtu hukereza akiwa amefunika uso. Polepole mlio unalainika, pembe zinaisha, na mawimbi meusi yanaanza kutokea kwa kuwa patasi imekata mkanda wa mpingo kwa mshazari.

Kuna mambo mawili ambayo fundi mgeni hujifunza kwa machozi. La kwanza ni kwamba mti haufi. Ubao hunywa unyevu wa hewa ukavimba, na kiangazi ukasinyaa. Hufanya hivyo kwa upana, karibu usifanye kwa urefu wa nyuzi. Katika pete ya vipande nyuzi zote zinazunguka upande mmoja, basi pete yote hupumua pamoja. Lakini kitako cha ubao mmoja kina nyuzi zilizolala upande mmoja tu. Ukikibana ndani ya pete bila nafasi, msimu wa mvua kitavimba na kuipasua. Bakuli lililokerezwa kwenye hewa kavu ya Minnesota likaletwa Tanga kwenye joto la bahari limetembea kuliko abiria wake. Hili la mama mdogo halijapasuka. Fundi wake alijua.

La pili ni vumbi. Paduki ni ndugu wa mninga wetu, lakini ni nyekundu kama matofali mapya, na unga wake unapenya kila tundu. Ukiipiga msasa ikiwa jirani ya mepuli nyeupe, mepuli inageuka waridi, na hakuna maji wala dua ya kuirudisha. Wenye uzoefu humaliza kazi kwa patasi kali na pumzi ya mashine ya upepo, msasa kidogo tu mwishoni. Kokobolo nayo ina mafuta yanayokataa gundi, na unga wake huwawasha wengine ngozi hadi wakauacha kabisa. Mpingo una mafuta pia. Hufutwa kwanza kwa kiyeyushio ndipo upakwe gundi.

Niseme wazi kwa nini nauona mpingo ukiwa nyumbani kwake ndani ya bakuli kama hili. Ubao wa mpingo wa upana wa sahani karibu haupo. Klarineti, oboi na zumari za Uskoti ziliuchagua kwa sababu zinahitaji vijiti vyembamba, na hata huko viwanda vinachagua kiini kisicho na ufa na kutupa mengine yote. Sehemu kubwa ya gogo huishia kuwa makapi. Kiwanda cha Ufaransa cha Buffet Crampon kilianza miaka ya 1990 kuusaga unga wa mpingo, kuuchanganya na nyuzi za kaboni na kuukandamiza kuwa klarineti, jibu la kiwandani. Bakuli la vipande ni jibu la fundi mmoja mwenye msumeno: kipande cha urefu wa sentimita nne kinamtosha.

Habari ya misitu haina uzuri wa bakuli. Wenge inatoka misitu ya Bonde la Kongo. Wapenda muziki wanalijua jina hilo kwa bendi ya Kinshasa, na mti wenyewe umo katika orodha ya iliyo hatarini. Dalbergia ya Brazil, ndugu wa mpingo, ilifungiwa biashara mwaka 1992 baada ya kukaribia kumalizwa. Tarehe 2 Januari 2017 Dalbergia zote zilizobaki duniani, mpingo ukiwamo, ziliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, maana yake hazipiti mpakani bila kibali. Wapiga klarineti walipiga kelele, na mwaka 2019 ala zilizokamilika zikaondolewa kwenye sharti hilo. Bidhaa nyingine zilizokamilika huruhusiwa hadi kilo 10 za mti huo kwa shehena. Mkanda mweusi wa Tanga hauna uzito wa kikombe cha sukari.

Na hapa kuna watu wawili ambao siwezi kuwapita. Sebastian Chuwa alikuwa mtaalamu wa mimea kutoka Kibosho, Moshi, aliyefanya kazi miaka mingi Ngorongoro. Alionekana katika filamu ya mwaka 1992 iliyohusu mpingo kama mti wa muziki. Huko Texas, James Harris, mkereza wa nakshi aliyetumia mashine za jamii ileile ya Holtzapffel, aliitazama. Alikuwa ameukereza mpingo bila kujua hali ya porini. Akamwandikia Chuwa barua. Mwaka 1996 wakaanzisha mradi wa kuuhifadhi mpingo: Harris na mkewe wakichangisha kwa wakereza na wapiga ala, Chuwa akifundisha shule na vikundi vya kina mama kuotesha miche. Mpingo ni mbishi kuotesha na mwepesi kuliwa na moto, lakini vitalu vyake vilitoa miti ya kila aina, zaidi ya milioni moja. Alipata tuzo ya Rolex mwaka 2002, akafariki mwaka 2014. Baada ya karne mbili za mti huo kwenda London na Paris bila jina lake, mkereza mmoja aliuliza unatoka wapi.

Upande wa Kilwa jibu lilikuja kwa njia nyingine. Vijiji vilipewa haki ya kumiliki na kusimamia misitu yao kisheria, na kwa msaada wa shirika la mpingo lenye makao Kilwa Masoko, misitu ya vijiji kama Kikole ilipata cheti cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, mwaka 2009, ya kwanza barani Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Kabla ya hapo gogo liliondoka kwa malipo ya soda. Sasa kijiji kinahesabu miti yake, kinapanga ikatwe mingapi, na fedha inaingia kwenye mfuko wa kijiji. Si utajiri, ila daftari liko mikononi mwao.

Mwaka jana nilipita tena Tanga. Bakuli liko juu ya kabati karibu na dirisha, na mama mdogo ameshindwa kuvumilia chombo kitupu: ametia ndani tasbihi, funguo na vocha za zamani. Jua la alasiri limelifanyia kazi. Paduki iliyokuwa nyekundu imekuwa kahawia. Moyo wa zambarau umefifia, nao unaelekea kahawia. Mepuli imepiga umanjano, mcheri umekolea. Bakuli lililoondoka Minnesota na rangi tisa sasa lina rangi nne, tano ukiwa na macho mazuri. Mafundi wanalijua hilo. Hakuna mafuta wala vanishi inayouzuia mwanga wote.

Mkanda mweusi uko vilevile.

Nimemwomba alisogeze mbali na dirisha, na asilioshe kwa maji, alifute kwa kitambaa na tone la mafuta. Kitambaa amekubali. Kuliondoa dirishani amekataa, kwa sababu hapo ndipo wageni wanapoliona.